Sukuma kwa Kiganja

...na raba ya breki ni mpya, hilo ndilo la kwanza, gari lililotembea kilomita elfu sabini na moja linabadilishiwa raba ya pedeli kwa lipi, kwa kwenda kanisani Jumapili? na Tusajigwe akaikandamiza tena kwa mguu, injini ikinguruma polepole, namba kwenye dashibodi ikimtazama kwa haya kama mwali, 71,204, huku usukani umelika hadi unang'aa kama goti la suruali ya mwalimu, na nje Ambokile dalali anaimba wimbo wake uleule, shemeji, hili la mchungaji mstaafu wa Iringa, mgane, anaishi peke yake, kanisani na sokoni basi... peke yake, eti, mchungaji mgane anayepiga teke kiti cha mbele, maana alipokagua nyuma aliona alama za viatu vidogo mgongoni mwa kiti cha abiria, nyingine juu, ndogo kabisa, zimefifia, nyingine chini, kubwa kidogo, bado mbichi, akacheka moyoni, akafungua mlango wa dereva wazi kabisa na hapo kwenye nguzo ya mlango akaiona stika ya oili, imekwanguliwa nusu, wino wa kalamu ya mtu mwenye haraka, Kihesa, Iringa, ijayo 218,500, na furaha ikampanda kama soda puani, maana miaka tisa anafundisha hesabu chuoni akiwaambia wanafunzi onyesha njia, jibu lisilo na njia ni uongo uliovaa suti, na hii ndiyo njia, stika, raba, usukani, watu wamerudisha kilomita karibu laki na nusu na hawakujisumbua hata kubandua karatasi vizuri, atamwambia Didas, watacheka njia nzima hadi nyumbani Uyole kama zamani, Didas mume wake aliyesimama hapo dirishani na sweta aliyomfumia mwenyewe, aliyesema asubuhi kwamba gari hili hata yeye hajaliona, namba ya dalali kapewa tu na mtu pale Mwanjelwa... Pandisha kioo basi, baridi hiyo, Didas akasema, Tusajigwe akavuta mlango, akabonyeza, kioo kikaja nusu kikakwama, na Didas, macho yake yako mlimani Loleza kwenye ukungu, bila hata kugeuka, akasema, sukuma kwa kiganja, hapo kwenye kona, kitapanda.

Akasukuma. Kikapanda.

Na Ambokile kwa mara ya kwanza akaukatiza wimbo, akaanza kukagua simu yake... labda magari ya aina hii yote yako hivyo, labda, akamtafutia mumewe sababu kama anavyomtafutia maksi mwanafunzi aliyekosea hatua moja, lakini Didas hajawahi kumiliki gari, Didas kila Ijumaa ya pili hupanda basi kwenda Chunya kuinunulia kampuni tumbaku, Chunya, vumbi linaloingia hadi kwenye chumvi, na anarudi viatu safi, na yeye alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanaume nadhifu, anarudi na mchele wa Rujewa, kilo tano, kuna Msangu anauleta kule Chunya kwa lori, mke wangu, mchele mzuri, unanukia, akaupika, akausifia mbele ya mama mkwe, na Rujewa iko njia ya Iringa, siyo ya Chunya, mtoto wa darasa la tatu anajua iko njia ya Iringa, ewe mwalimu wa hesabu, njia ulikuwa unaila kwa mboga... na mwaka wa pili wa ndoa, miaka saba imepita sasa, ile siku damu ilipomtoka ofisini na mwalimu mwenzake Bupe akamkimbiza hospitali na taulo la mlinzi, alimpigia Didas simu mara kumi na moja, Jumatatu Didas akasema Chunya mtandao shida, akamshika mkono, akalia, alilia kweli, hilo ndilo asilojua aliweke wapi, alilia machozi kabisa, Mungu akitaka atatupa mwingine, na Mungu akataka, kumbe, ila anuani ikawa Kihesa... na leo kamleta anunue yeye, kwa akiba yake, gari la kule lililochoka, ili kule wapate jipya.

Didas akagonga kioo kwa pete. Vipi, Tusa, moyo umeridhika?

Kiganja chake bado kiko pale kwenye kona, kioo kina baridi, upande wa pili uso wa Didas unapumua ukungu na kuufuta, anatabasamu, ni uso uleule, na midomo ya Tusajigwe imebeba lile neno stika, tayari, lakini neno limekuwa dogo mno, angesema la kilomita wangemwomba radhi, wangepunguza bei... na Ambokile karudi kwenye wimbo, namba haidanganyi, shemeji, soma mwenyewe, akasoma, 71,204, injini inanguruma, na yeye anaziwaza zile alama, za juu ni za mtoto ambaye miguu bado haifiki ukingo wa kiti, inanyooka mbele, za chini ni za miguu ileile iliyokua, inayoning'inia, hizo hakuna aliyekumbuka kuzirudisha nyuma, viatu vya shule hivyo, miaka saba, namba thelathini, na wa kwake, yule wa ile siku, naye angekuwa anavaa thelathini.