Kadi Mbili za Leonardi

Leonardi alikuwa mhudumu wa ofisi katika idara moja ya serikali mjini Sumbawanga. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka meza hii kwenda ile, kuchemsha chai ya saa nne, na kujua nani kagombana na nani. Mshahara wake, ukishakatwa vyote vya kukatwa, ulibaki laki tatu na elfu kumi. Angeishi vizuri tu pale Mazwi na mkewe Asnath na binti yao Edith, maana shamba walikuwa nalo na unga hawakununua. Kilichomponza ni mdomo.

Mwezi wa nne aliitwa kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake kule Kate. Shemeji yake mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, alisimama akaahidi laki mbili na nusu, na kina mama wakampigia vigelegele. Leonardi alikuwa amekuja na nia ya kutoa elfu thelathini. Alishtukia yuko wima.

"Andika laki tatu," akamwambia katibu.

Vigelegele alivyopigiwa vilimfanya asiisikie miguu yake mpaka anapanda gari la kurudi mjini.

Laki tatu hizo alizipata kwa Adolfu, mwenye duka la steshenari karibu na soko. Adolfu aliuza madaftari na kutoa fotokopi, lakini watumishi wa mishahara midogo walijua kwamba nyuma ya ile mashine ya fotokopi kuna biashara nyingine. Unamwachia kadi yako ya benki na namba ya siri, naye anakupa fedha. Mwisho wa mwezi anakwenda mwenyewe kwenye ATM, anatoa mshahara wako, anakata riba yake ya elfu tisini, na kinachobaki anakukabidhi kwenye bahasha ya kaki. Bahasha yenyewe hakutozi, kwa kuwa ni mtu mstaarabu. Deni linabaki palepale kama jiwe la mpaka.

Miezi saba ilikwenda hivyo. Asnath alipouliza mbona mshahara umepungua, aliambiwa serikali imeongeza makato. Alipouliza makato ya nini, Leonardi akasema ni ya maendeleo. Asnath akaenda kupepeta maharage.

Mwezi wa kumi na moja, Leonardi akimmiminia mhasibu chai, mpango ulimjia kichwani mzima mzima. Angekwenda benki kusema kadi imepotea, apewe nyingine. Hiyo mpya angempelekea Klementina, muuza mitumba ambaye naye alikopesha chini kwa chini, na ambaye riba yake ilikuwa na huruma kidogo. Angechukua kwake laki nne, amlipe Adolfu laki tatu zake, wamalizane, na laki moja ibaki ya kupumulia. Mpango ulimpendeza mno, hata akajisikitikia kwamba mtu mwenye akili kama hizo bado anabeba mafaili.

Ijumaa jioni alikuwa na laki nne mfukoni. Akaenda moja kwa moja kwa Adolfu, akakuta kufuli. Jirani akamwambia mwenye duka amekwenda Kaoze kununua mpunga, atarudi Jumatatu. Leonardi akarudi nyumbani, akatundika suruali yake msumarini, akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi Asnath aliichukua ile suruali akaifue.

Leonardi aliamshwa na kelele za guta likipakuliwa uani. Alipotoka nje alikuta mifuko minne ya mbolea, mbegu za kisasa za mahindi na mabati mawili ya kuezekea jiko. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya vitu hivyo na Fransiska wa nyumba ya pili, akimweleza kwamba mume wake amejinyima miezi saba bila kumwambia mtu, akiweka kidogo kidogo kwa ajili ya msimu huu. Mwaka jana mahindi yao yalikuwa ya njano kama yenye homa, na wote wawili walikumbuka.

"Kumbe makato ya maendeleo ndiyo haya," Asnath akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Leonardi alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena nafasi yenyewe ilikaa pale uani muda wa kutosha. Lakini Fransiska akasema laiti wa kwake angekuwa na nusu ya moyo huo. Basi Leonardi akanyoosha mgongo, akasema mwanaume lazima atazame mbele.

Siku ya mshahara hakumwendea Adolfu kumweleza kitu. Alikwenda kujibanza kwa muuza maandazi, ng'ambo ya barabara mkabala na benki, akitumaini kwamba Adolfu na Klementina watapishana. Aliwaona wamepangana kwenye foleni moja, Adolfu mbele na bunda la kadi za watu lililofungwa kwa mpira, Klementina nyuma yake na kadi zake ndani ya pochi.

Kadi tano za kwanza za Adolfu zilitoa fedha vizuri. Ya sita mashine iliimeza na haikuitema. Adolfu akaigonga mashine kwa kiganja, akaiinamia, akamlalamikia mlinzi kwamba imeila kadi ya Leonardi. Klementina akamgusa begani. Akamwonyesha kadi mpya inayong'aa, yenye jina lilelile.

Adolfu akatoa simu akapiga, na kwa muuza maandazi kwaya nzima ikaanza kuimba ndani ya mfuko wa koti la Leonardi.

Walimsindikiza nyumbani mmoja kila upande, wakibishana juu ya kichwa chake nani mwenye haki zaidi. Asnath aliwaona wanakuja akadhani mumewe ameleta wageni. Aliwakaribisha, akawatandikia mkeka, akaleta maji ya kunawa, na kwa kuwa migebuka, wale samaki wa ziwani, ilikuwa tayari jikoni, akapakua. Adolfu alikuwa hajala tangu asubuhi, hivyo alinawa kabla hajakumbuka kilichomleta. Aliyesema ni Klementina, na alisema yote, kuanzia laki nne hadi kadi ya pili. Adolfu akaongezea ya kwake huku akimchambua samaki.

Leonardi aliutazama ugali kana kwamba anausoma.

Asnath hakupaza sauti. Alimuuliza Adolfu alichokopesha, na alichokwisha kuchukua kila mwezi, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Yaani shemeji, ulitoa laki tatu, umeshachukua laki sita na elfu thelathini, na bado unadai laki tatu?"

Adolfu akasema ndivyo biashara ilivyo.

"Sawa. Juzi afisa maendeleo ya jamii alikuja kwenye kikundi chetu akatufundisha habari za wakopeshaji. Leseni yako umeitundika wapi? Maana pale dukani nimeingia mara nyingi, ninaona bei ya fotokopi tu. Akasema pia kushika kadi ya mtu ni kosa."

Mwiba wa mgebuka ulimkaa Adolfu kooni, ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata pumzi alisema kwamba, kwa vile kadi yenyewe imeshamezwa, yeye anaona hayo yameisha. Akaomba aongezewe mboga kidogo.

Klementina alikuwa amekwisha kuitoa kadi mpya na kuiweka mkekani. Asnath akamwambia laki nne zake hazikani, ziko shambani kila mtu anaziona. Wakapatana elfu hamsini kila mwezi kwa miezi minane, na gunia moja la mahindi wakivuna. Klementina, ambaye naye leseni hakuwa nayo, aliyaona masharti hayo kuwa mazuri sana.

Wageni walipoondoka, Asnath alikunja mkeka. Leonardi akamweleza habari za kikao cha Kate, hata vigelegele hakuvificha.

"Deni ningelielewa, baba Edith," mkewe akasema. "Lakini uliniacha nikusifu mbele ya Fransiska."

Neno hilo lilimwuma kuliko riba zote. Aliviosha vyombo peke yake, na sufuria iliyoungua akaisugua mpaka ikarudisha sura yake.

Kesho yake walikwenda benki pamoja. Asnath ndiye aliyeshika kadi na ndiye aliyebonyeza namba ya siri mpya, taratibu, akiikinga kwa mtandio hata mumewe asiione. Kisha akakaa kwenye ngazi nje, akadai karatasi ya mshahara, akaanza kushuka nayo kwa kidole, mstari hadi mstari.

"Na huyu anayechukua elfu nane kila mwezi ni nani?"

Leonardi akaeleza kwamba hicho ni chama cha wafanyakazi.

Asnath akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Anakaa wapi?"