Barua Sita Kwenye Kapu la Taka

Ijumaa, saa nne asubuhi, tovuti ya shule iliaga dunia. Na kama ilivyo ada ya shule ile panapotokea msiba wowote, wa kwanza kuitwa alikuwa Kiroboto.

Kiroboto alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye faili la adhabu nene kuliko kamusi ya maktaba. Ofisini alimkuta Makamu Mkuu wa Shule amesimama nyuma ya fundi wa kompyuta, mikono kiunoni. Skrini ilikuwa na onyo jekundu: tovuti hii si salama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeifanya nini tovuti yangu?"

"Safari hii si mimi, Mwalimu. Haki ya nani!"

"Safari hii," Makamu alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Wazazi wanapiga simu kuuliza kama tumevamiwa na majambazi. Basi sikiliza. Fomu za ruhusa zinatoka kwenye tovuti. Bila tovuti, hakuna fomu. Bila fomu, hutoki getini."

Moyo wa Kiroboto ulitumbukia kwenye soksi. Kesho yake dada yake mkubwa alikuwa anaolewa. Shangazi yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa ofisi hiyo, gauni la msimamizi wa bibi harusi likiwa mapajani, na basi lao lilikuwa linaondoka saa saba.

"Kiroboto wa shangazi!" sauti ilipenya dirishani. "Umevunja nini tena?"

"Sijavunja kitu, shangazi!"

"Mungu wangu, basi ni kikubwa!"

Fundi alikuwa ameizima na kuiwasha seva mara tatu, kama mtu anayemzaba mgonjwa makofi ili apone. Mtandao ulikuwepo. Diski ilikuwa na nafasi. Kurasa zote zilikuwepo, hata ile picha ya Makamu akikata utepe.

"Mgonjwa mzima, ila wageni wanamkimbia," fundi alinung'unika.

"Kaka, lisome onyo lenyewe," Kiroboto alisema. "Mimi nikiletewa barua ya adhabu huwa naisoma mpaka chini. Kosa huandikwa chini."

Fundi alibofya, akashuka hadi mwisho, akajipiga paji la uso. Cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kimeisha muda wake saa nne ile ile ya asubuhi. Cheti hicho ndicho kitambulisho cha tovuti. Kikipitwa na tarehe, kompyuta za watu hugoma kuingia, hata kama ndani kumetulia kama maji ya mtungini.

"Wanaokitoa hutuma onyo mapema," Makamu alifoka. "Mbona sijaona hata moja?"

Fundi alikohoa. Akafungua kapu la taka la barua pepe za ofisi. Humo zilikuwa zimelala barua sita, zote zenye kichwa kimoja: HARAKA.

"Ni ile amri yako, Mwalimu. Ya muhula uliopita. Barua yoyote yenye neno 'haraka' iende takani moja kwa moja."

Muhula uliopita Makamu aliletewa barua pepe isiyo na jina: HARAKA, MKAGUZI YUKO GETINI. Alikimbia hadi getini na kiatu kimoja mguuni, akampigia saluti muuza mitungi ya gesi. Mwandishi wa barua ile hakupatikana kamwe.

Kiroboto aliutazama mlango. Angeweza kunyamaza, akatoka humo safi kama sahani ya mgeni. Lakini fundi alikuwa anatokwa jasho kwa kosa lisilo lake, na Makamu alikuwa ameshaanza kumgeukia.

"Mwalimu, fundi hana kosa," alisema. "Mkaguzi wa getini… alikuwa wangu."

Makamu aliketi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Kiroboto akadhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka, kicheko kikubwa kilichomfanya shangazi achungulie mlangoni na gauni lake.

"Saluti!" Makamu alisema akijifuta machozi. "Nilimpigia saluti muuza gesi!"

Fundi hakungoja amri. Aliomba cheti kipya, akakiweka mahali pake, akaiwasha upya huduma. Onyo jekundu likatoweka, na Makamu akaonekana akikata utepe wake kwa fahari.

Printa ikatema fomu. Makamu akaisaini, kisha akaandika mstari chini kabisa, akampa Kiroboto.

"Umefanya nini humo ndani?" shangazi aliuliza walipokuwa wakikimbilia basi.

"Nimetengeneza tovuti, shangazi."

"Na huku chini wameandika nini?"

Kiroboto akasoma kwa sauti ya hakimu: "Kila cheti kinapobakiza siku thelathini, mwanafunzi huyu atakuja ofisini mbio kunionya. Kiatu kimoja tu."

Shangazi alicheka mpaka gauni likamponyoka. Kiroboto alilidaka kabla halijagusa vumbi, akavua kiatu kimoja, na kuanza mazoezi.