Siku ya Viazi

Apolonia hakukubali kuitwa mdaiwa. Pale Nyololo, anapouza viazi kando ya barabara kuu, alikuwa na neno lake: marejesho. Jumatatu ana marejesho, Jumanne ana marejesho, hivyo hivyo mpaka Ijumaa, kila siku na kikundi chake cha mikopo. Deni ni la wazembe. Yeye hajawahi kulaza rejesho hata moja.

Sasa kilianzishwa kikundi cha Jumamosi. Kilitaka akina mama watano, na wanne walikwisha kujiandikisha. Tusekile, mwenyekiti wao, alisubiri mlangoni. Fomu ilibakiza saini ya mume tu.

"Baba Sekela, weka hapa."

Fanueli, mumewe, aliisoma polepole orodha ya dhamana. Kitanda. Godoro. Cherehani.

"Mama Sekela, jumla unadaiwa kiasi gani?"

"Sidaiwi. Nina marejesho."

"Haya. Ya Jumanne unayatoa wapi?"

"Kwenye mkopo wa Jumatatu."

"Ya Jumatatu?"

"Kwenye wa Ijumaa."

"Na ya Ijumaa?"

Apolonia akaitazama fomu. "Ndiyo hii."

"Usinifanyie mtihani!" Apolonia akaongeza kwa hasira. "Hela yako ya kupasua mbao iko wapi?"

"Ilikwenda kwenye rejesho lako la Jumatano."

Tusekile akacheka. "Shemeji, mji mzima unaishi hivi. Tia saini, afisa wa mikopo anaondoka."

"Nitatia. Kwanza aniambie: siku gani viazi vyake ni vya nyumba hii?"

Apolonia akahesabu kwa vidole, siku moja moja. Jumamosi nayo ikaenda.

"Jumapili," akasema. Lakini Jumapili hauzi, yuko kanisani.

Shilingi alizoea kuzisogeza, hii izibe ile, asione pengo. Siku hazisogei. Akaichukua fomu na kumrudishia Tusekile.

"Mwambie afisa mimi simo."

"Unatuangusha! Na Ijumaa utalipa nini?"

"Sina. Nitasimama niwaambie nadaiwa, na siwezi kulipa yote."

"Utachekwa mpaka Makambako!"

"Kicheko hakina riba, mwenyekiti."

Tusekile aliondoka bila kuaga.

Ijumaa wanakikundi walimcheka kweli, na mmoja akamwita mwizi. Apolonia hakuketi. Alisimama mpaka walipochoka kusema, ndipo akataja kiasi anachoweza kwa wiki: kidogo, tena cha aibu, lakini cha viazi, si cha mkopo.

Walibishana hadi adhuhuri, kisha mweka hazina akafungua daftari ukurasa mpya, akakiandika kiasi hicho.