Mbegu ya Pili

Jumamosi, tarehe tano Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi ukungu mwembamba ulibaki juu ya udongo kama pumzi ya mtu.

Mjane alikuwa fundi wa kushona, na kishamba chake hakikuzidi uwanja wa nyumba. Mwaka jana soya iliota kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, moja hapa, pengo pale, magugu yakameza iliyobaki. Mama mkwe alilaumu mbegu, akasema soya ikikataa tena atamkodishia jirani kishamba hicho. Ndiyo maana safari hii shemeji, ndugu wa marehemu mumewe, alizilaza mbegu kwenye kitambaa kibichi kwanza azijaribu. Zikachipua karibu zote.

Wakavuta kamba. Shemeji akatangulia akitoboa mashimo kwa kijiti, kina cha vidole viwili, kiganja kimoja kati ya shimo na shimo. Mjane akafuata na ndoo, akitia mbegu na kufukia kwa mguu.

Nyuma yake akasikia hatua. Alizisikia mwaka jana pia, baada ya mazishi: mguu wa kulia ukiburuta kidogo, na kikohozi kile kikavu. Hakugeuka. Akaomba kimoyomoyo, Bwana, usimwondoe kabla mstari haujaisha.

Kazi ilipokwisha, shemeji akachungulia ndoo. Nusu ya mbegu ilikuwa imebaki. Akafukua shimo, akafukua jingine. Mbegu moja. Moja tena.

"Shemeji, unapanda soya au unapanda hewa? Si tulisema mbili mbili?"

Mjane akajibu polepole kwamba tangu waoane walipanda hivyo, yeye mbele na moja, marehemu nyuma na ya pili. Iliyobaki ndooni ni ya marehemu mwenyewe.

Mama mkwe, aliyekuwa pembeni akifukuza njiwa, akajikongoja hadi mwisho wa mstari.

"Unamsikia?"

"Namsikia, Mama."

"Hata mimi. Nilimzaa, nitakosaje kuijua miguu yake? Lakini anatembea tu, mwanangu. Mbegu hatii."

Ndipo mjane akageuka. Katika udongo laini nyayo zilikuwa za shemeji na zake mwenyewe, basi. Akarudi shimo la kwanza na ndoo yake, akapiga magoti.

"Mama, shemeji, nisikieni, na Mungu anisikie. Kuanzia leo kila shimo nitatia mbili kwa mkono wangu, yangu na yake."