Chumvi Yamsubiri Mgeni Rasmi

Ofisi ya mbegu na ofisi ya vipimo vya maji, pale Kibiti, zilitenganishwa na ukuta mmoja na kuunganishwa na bango: "Pamoja kwa Mkulima wa Delta." Bango zuri, usiseme! Ushirikiano wenyewe ulikuwa kutumiana salamu za Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp, na hapo, wallahi, hakuna aliyezembea.

Shufaa alikuwa afisa wa mbegu. Mama yake, Bi Kuruthumu, alikuwa na miche ya mpunga huko deltani, imeshafikia kupandikizwa, akampigia simu. "Mwanangu, nipande? Au chumvi bado imo mtoni?" Mpunga mchanga ukinywa chumvi umekwisha, na mama huyo hakuwa na shamba lingine la kutegemea.

Shufaa akazunguka ukuta. Sufiani, mkuu wa vipimo, alikuwa ameikumbatia kompyuta kama mtu anayeficha sahani ya pilau.

"Kaka Sufiani, chumvi ikoje?"

"Takwimu zipo, dada. Safi kabisa."

"Basi niambie."

"Lo! Nikikwambia leo, mgeni rasmi atakuja kuzindua nini kwenye mradi wetu?"

Shufaa alitamani kumzaba kibao. Akaenda kwa bosi wake, Mzee Hemedy, akidhani atapata mtetezi.

"Achana nao," Mzee akasema. "Ukipokea vipimo vyao, kesho watasema mavuno ni yao."

Kumbe jamani, watu walikuwa wakigombea mavuno ya mpunga ambao haujapandwa! Kalenda ya ofisi ilisema wakati umefika, basi Shufaa akamwambia mama apande.

Maji ya bamvua yakapanda kutoka baharini na chumvi yake. Miche ikaungua yote.

Siku ya uzinduzi, mambo yakawa turubai, spika na fulana mpya. Bi Kuruthumu naye akaletwa kwa gari la mradi, aje apige makofi. Sufiani akaonyesha kwenye skrini mchoro wenye mstari mwekundu. "Hapa, wakati wa kupandikiza, chumvi ilikuwa imepita kiasi!"

Bi Kuruthumu akasimama. "Baba, mlikuwa mnajua?"

"Tena mapema sana, mama!" Sufiani akajibu, uso umemng'aa.

Mzee Hemedy, asije akaachwa nyuma, akaomba mama apigiwe makofi kwa swali zuri. Watu wakapiga, na mgeni rasmi akapiga.

Bi Kuruthumu akangoja watulie. Hakumtazama Sufiani wala Mzee Hemedy. Alimtazama bintiye.

"Wenzio walijua, Shufaa. Haya, mwaka huu nile nini?"