Sauti ya Juu Hutoka Taiping

Jumanne saa nne asubuhi Normadiah alikuwa akikaanga ndizi kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Taiping. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na mzee Leman, mstaafu wa posta, alikuwa akingoja zake huku mwavuli ukimchuruzikia viatuni. Normadiah aliinua kijiko cha matundu ili mafuta yadondoke, mara kinywa chake kikafunguka chenyewe. Kilibaki wazi kwa muda wa pumzi moja ndefu. Shingo ilikakamaa, mishipa ikamtoka, lakini hakukusikika hata mnong'ono. Kisha kinywa kikajifunga, naye akaendelea kuzigeuza ndizi.

"Wanafanya mazoezi?" mzee Leman aliuliza.

"Wanafanya. Jumamosi wana onyesho Melaka."

"Basi angalia zangu, mama. Wiki iliyopita walifanya mazoezi, mimi nikala makaa."

Soko zima lilijua habari hiyo, na hakuna aliyeipa uzito kuliko bei ya ndizi. Kaka yake Normadiah, Hamdan, alikuwa mpiga gitaa wa Taring, bendi ya roki iliyotikisa nchi enzi za kaseti. Mwimbaji wao alikuwa Yeop Sharom, aliyekuwa na nywele za kufika kiunoni na suruali za kubana ambazo, kwa maneno ya mama yake mwenyewe, zilivaliwa kwa kusaidiwa. Wimbo uliowapa jina ulikuwa na mahali karibu na mwisho ambapo sauti hupanda, ikafika juu kabisa, ikakaa huko. Vijana wa wakati ule walipimana uanaume kwa kupanda pale.

Siku ya kurekodi, Yeop aliamka na mafua. Studio ilikuwa imekodiwa kwa siku ile tu. Normadiah, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa kwenye benchi la nje, kwa sababu alikuwa amemletea kaka yake wali. Hamdan alijua kwamba dada yake akiwa peke yake jikoni hufika pale bila kukunja uso. Wakamwita ndani. Aliimba mara moja, akatoka kuangalia kama wali umepoa.

Jina lake halikuandikwa kwenye kaseti. Baba yao alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani, mtu mwenye sauti iliyowaamsha hata Wachina wa barabara ya pili, na binti wa mwadhini hawezi kuwekwa kwenye kaseti ya wanaume wenye nywele ndefu. Walimsitiri. Kila mtu aliona ni heshima, Normadiah mwenyewe akiwa wa kwanza. Hamdan alisema baba akishaondoka duniani wataliandika. Baba aliondoka. Wimbo ukatoka tena kwenye CD, kisha ukaingia kwenye simu za watu, na kila mara hakuna aliyekumbuka.

Jukwaani, Yeop aliipata sauti ile kwa nguvu za ujana. Lakini koo nalo lina umri wake. Alipotimiza miaka thelathini walilegeza nyuzi za magitaa kidogo ili wimbo ushuke, na mashabiki hawakugundua. Huo ulikuwa pia mwaka aliokata nywele, maana wakati ule wanamuziki wenye nywele ndefu walipigwa marufuku kwenye televisheni. Alipofika arobaini walilegeza tena. Baadaye akaanza kuimba ameketi kwenye kigoda, gitaa moja tu likimsindikiza, akisema sasa anataka watu wasikie maneno. Kisha akafuga ndevu, akavaa kofia, akatoa kaseti ya kaswida ambayo haikumtaka apande popote. Ilipofika miaka yake hamsini na kitu, nyuzi za Hamdan zilikuwa zimelegea mpaka zinagonga mbao, na bado pale juu palikuwa mbali.

Ndipo siku moja, katika mazoezi, alifungua kinywa kwa mazoea tu, bila matumaini, na sauti ikatoka. Ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa nzito kuliko ya kwenye kaseti, ina mikwaruzo pembeni, lakini ilifika na ikakaa. Hamdan aliweka gitaa chini, akapiga simu Taiping.

"Nor, sasa hivi ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaanga. Mdomo umefunguka wenyewe."

"Basi ni wewe."

"Ni mimi," Normadiah alikubali. "Kaka, baba hayupo sasa. Mtanitaja?"

"Niachie niongee na Yeop."

Aliongea naye. Yeop alifikiri siku mbili tatu, kwa sababu si mtu mbaya, kisha akasema haiwezekani. Watu wanalipa ili wamwone yeye amezeeka vizuri. Wakiambiwa sivyo, watajiona wamezeeka wao. Tangu hapo alimtumia Normadiah tende kila mwezi wa Ramadhani, na kabla ya kila onyesho alimpigia simu kumwomba apunguze pilipili.

Magazeti yaliisifu sana sauti mpya. Mwandishi mmoja aliandika kwamba Yeop ameacha kupiga kelele, ameanza kuimba. Kwamba vijana wana pumzi lakini hawana maisha. Kwamba pale juu sasa pana moshi na huzuni ya mtu aliyefiwa. Moshi ulikuwa wa mafuta ya mawese. Aliyefiwa alikuwa Normadiah, ambaye mumewe aligongwa na lori kwenye barabara ya Kamunting. Mke wa Yeop alikuwa mzima, mnene, na anacheka kirahisi. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," mashabiki walisema, "mzee yule anaimba."

Normadiah alijaribu kukasirika. Alikaa kitandani akingoja hasira ije, kama mtu anavyongoja chafya, nayo haikuja. Aliona uchungu, ndiyo, lakini kwa mbali, kama uchungu wa jirani.

Kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Binti yake wa pekee, Suraya, alikuwa anaolewa. Yeop alipopita Taiping kumpa mkono wa heri, Normadiah alimkalisha kwenye kigoda cha plastiki, akamwekea ndizi za moto.

"Kaka Yeop, siku ya harusi nataka niimbe mimi. Ule wimbo. Kwenye karaoke, mbele ya Suraya."

"Imba, dada. Nani kakukataza?"

"Ukiimba wewe, mimi sina sauti. Suraya ameusikia tangu yuko tumboni. Nikimwambia pale juu ni mimi, anacheka, anasema hayo ni maneno ya sokoni. Ananiambia, 'Mama, wewe hata paka unamwita kwa kunong'ona.'"

Yeop alipuliza ndizi. "Siku hiyo tuko Ipoh, uwanjani. Alasiri."

"Mbona alasiri?"

"Watu wetu siku hizi wanalala mapema. Magoti nayo." Alitafuna. "Nisipouimba ule, dada, watang'oa viti."

"Uimbe. Ukifika pale juu funga mdomo. Wanyooshee kipaza, waimbe wao. Si ndivyo mnavyofanya mkizeeka?"

Yeop alicheka mpaka akapaliwa, kwa sababu ni kweli. Kunyoosha kipaza sauti kumewaokoa waimbaji wengi.

"Hilo naliweza," alisema. "Siku moja? Nakuahidi. Siku hiyo ni yako."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Vijana walipiga matari, maharusi wakapandishwa kwenye viti vyao vya dhahabu, majirani waliopika tangu jana yake wakapakua wali na nyama. Hamdan aliomba radhi kwa kutokuwepo. Suraya alikaa juu pale amepakwa hina, akipepewa, amechoka kutabasamu. Alasiri ilipofika, Normadiah, amevaa zambarau, alichukua kipaza sauti. Watu wakapiga makofi ya kumtia moyo mama mzazi.

Alianza chini, na pale chini aliimba kawaida, kama mtu anayezungumza na sufuria. Wageni waliendelea kula. Suraya aliinamia upande wa bwana harusi, akamwambia jambo, wakatabasamu wote wawili kwa upendo.

Ipoh nako walikuwa wameufikia wimbo huohuo. Nyakati ziligongana, kama zinavyogongana siku zote kwa watu wasiojipangia ratiba wenyewe. Yeop alipokaribia pale juu alifunga kinywa, akanyoosha kipaza kwa umati. Walikuwa maelfu, na wote walikuwa wa rika lake. Walivuta pumzi, wakapanda pamoja, wakafika mabegani mwa ile sauti, wakaanguka. Wengine walikohoa. Baada ya hapo uwanja ukanyamaza, na magitaa yakazunguka pale pale yakingoja mtu.

Yeop alikuwa amewahi kuzomewa na kurushiwa chupa. Kimya cha namna ile hakuwa amekutana nacho. Alimtazama Hamdan. Hamdan alitazama nyuzi zake. Yeop akarudisha kipaza kwake, akafungua kinywa.

Ukumbini Taiping, Normadiah naye alikuwa amekifungua chake, safari hii kwa hiari. Shingo ilikakamaa, mishipa ikatoka. Muziki uliendelea na maneno yakawa yanabadilika rangi kwenye skrini. Wageni walisita kwa adabu, wali vidoleni.

"Spika imekufa?" mtu aliuliza.

Fundi aliigonga. "Spika nzima."

Kinywa kilipojifunga, Normadiah alimalizia ubeti wa mwisho kwa sauti ya chini, kwa sababu wimbo ukianzwa humalizwa. Suraya ndiye aliyepiga makofi kwanza, na ukumbi ukamfuata. Normadiah akapanda kwenye jukwaa la maharusi, akakaa ubavuni pa binti yake.

"Umejitahidi, mama."

"Umesikia?"

"Mwanzo nimesikia. Ile ya juu ndiyo sikuipata."

"Ile imeenda Ipoh."

"Sawa, mama," Suraya alisema, akamshika mkono kwa upole, jinsi mtu anavyomshika mzee ambaye hataki kumuumbua.

Wali haukuwa umepoa wakati ndugu mmoja wa bwana harusi alipokuja mbio na simu. Video ilikuwa imeshafika. "Bi harusi, msikie mzee Yeop! Dakika hii hii, Ipoh. Uwanja mzima unalia."

Suraya aliiweka simu sikioni. Pale sauti ilipopanda aliacha kutabasamu. Machozi yalimshuka yakaharibu wanja uliomchukua mpambaji asubuhi nzima, naye hakuyafuta. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akaisogeza simu kwenye sikio la mama yake.

"Sikia, mama. Sikia mtu anavyoimba."

Normadiah aliinama akasikiliza mpaka mwisho.

"Anaimba vizuri," alisema, na kwa kuwa koo lilikuwa linamuuma, akaomba maji.