Miche Iliyokohoa

Mbegu za shiso ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na hazitaki kufukiwa. Zinataka mwanga. Mpanzi alizitoa kwenye maji zilimolala tangu jana, akazimwaga juu ya udongo uliochekechwa, kisha akazikandamiza taratibu kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mtoto asiamke. Shiso ni majani ya Mashariki ya Mbali, yenye kingo kama meno ya msumeno na harufu iliyo kati ya mnanaa na mdalasini. Walaji wake walikuwa mbali. Wafanyakazi wa banda la plastiki yalimooteshwa waliyajua kwa pua tu.

Dada yake mpanzi ndiye aliyekuwa akinyunyiza dawa ya wadudu humo, pampu mgongoni, kitambaa mdomoni, kwa kuwa barakoa zilikuwa bado ni ahadi. Kifua kilipombana akaambiwa akapumzike nyumbani. Alikuwa akipumzika mpaka leo, ameketi kwenye kochi, maana akilala chali pumzi inakata.

Miche ilipotoa majani mawili ya kwanza, ilianza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kifupi mara mbili, halafu kirefu chenye mluzi mwishoni. Mpanzi alikitambua papo hapo. Aliendelea kumwagilia. Wapakiaji waliokuwa meza ya jirani waliinua vichwa.

"Si dada yako huyo?" mmoja aliuliza.

"Ndiye."

"Mpe pole."

Jioni alimsimulia mgonjwa huku akimkanda mgongo.

"Inakohoa kama mimi?"

"Hadi ule mluzi, dada."

Dada alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, wakasubiri kipite. "Maskini," alisema. "Michanga hivyo! Mwite bosi aisikie. Mimi hakunisikia, lakini hiyo ni mali yake. Huenda safari hii akaelewa."

Bosi wao, msimamizi wa banda, aliitwa. Alisimama katikati ya trei, mikono kiunoni, akasikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva kwa huruma. Kila mche uliokohoa ulijikunja na kudondosha majani, na mzigo ulikuwa unasubiriwa uwanja wa ndege. Kesho yake akaleta daktari.

Alikuwa daktari wa vifua, mtu mpole, viatu vyake vimefungwa mifuko ya nailoni. Alipita shina kwa shina na chombo chake cha kusikilizia. "Vuta pumzi," alisema, na miche ikavuta.

"Ni hii dawa mnayonyunyiza," alimwambia msimamizi. "Imeingia ndani sana. Ipate hewa safi, na dawa ikome humu, la sivyo mtaipoteza yote."

Mpanzi alijifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea. "Samahani, Daktari. Nina dada yangu anakohoa vivyo hivyo. Hatukai mbali."

"Mama, mimi nimeitwa kwa ajili ya miche."

"Umwone tu, hata kama ni kwa kusimama mlangoni."

Daktari alimtazama msimamizi. Msimamizi alitazama saa yake. Daktari akaanza kuvua mifuko ya viatuni, polepole, akiwa ameinama muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Maagizo yalitekelezwa upesi. Feni zilifungwa, madirisha yakakatwa kwenye plastiki. Wanyunyizaji walihamishiwa banda la maua pamoja na pampu zao, na dawa iliyobaki ikamalizwa huko isije ikaharibika bure. Mfanyakazi aliyebanwa na kikohozi alitakiwa atoke nje, asije akaiambukiza miche. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi watu wa banda lile walijifunza kukificha kikohozi chenyewe, wakakimeza kama mate, macho yamewatoka.

Miche ikapona. Ikanyooka, ikatanda, ikawa ya zambarau iliyokolea, na harufu yake ikafika barabarani.

"Imepona?" dada aliuliza.

"Imepona."

"Afadhali," alisema, na hakuwa anatania. Kisha akaugeuzia uso wake ukutani.

Alifariki wakati wa mavuno. Msimamizi alikuja msibani, akakaa mbele, akalia machozi ya kweli. Wakati wa kuaga alimshika mpanzi mkono kwa mikono yake miwili. "Ukirudi kazini, ndugu yangu, uoge vizuri kwanza. Unajua miche ilivyo."

Mpanzi alirudi, maana watoto wa marehemu walikuwa wake sasa, na mtoto hali pole za watu. Alilowesha mbegu nyingine, akazimwaga, akazikandamiza. Zikachipua vizuri, zote kwa pamoja, na miche ikaanza kukohoa.

Safari hii kilikuwa kikohozi kikavu, cha harakaharaka, chenye kuishia kwa kusafisha koo. Wapakiaji waliacha kazi, wakatazamana, kila mmoja akimtafuta kichwani mwenye kikohozi hicho. Kisha mmoja akainamisha macho, na wengine wakafuata. Mpanzi alisimama na ndoo mkononi akisikiliza. Yeye hakuwa amekohoa bado, hata mara moja. Lakini mtu huijua sauti yake.

Msimamizi alikuwa tayari kwenye simu. Alipomaliza, alikuja akampigapiga begani.

"Daktari anakuja kesho asubuhi," alimwambia. "Usiwe na wasiwasi. Itapona."